Kusoma ufundi umeme mtandaoni ni sawa, ila nani atakukagua?

Ndugu zangu vijana, dada zetu mliokaa huku mbele, na wazee wangu mafundi mliokubali kuacha kazi mkaja kunisikiliza, asanteni sana. Nimepewa mada ya kusomea ufundi umeme kwa njia ya mtandao, na nimeambiwa pia nisichoshe watu, hilo la pili siahidi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile, hivi mtu anaweza kuwa fundi umeme kwa kusoma kwenye simu au laptopu? Na wanaouliza wako wa aina mbili, kuna wanaotaka niseme ndio ili wakalipie kozi leo leo, alafu kuna hawa mafundi wa siku nyingi wanaotaka niseme hapana ili wacheke. Wote nitawaudhi kidogo. Nusu ya ufundi umeme unaipata mtandaoni, tena unaipata vizuri kuliko tulivyoipata sisi, na nusu iliyobaki haiingii kwenye skrini hata uwe na bando la mwaka mzima. Shida ni kwamba wauza kozi wengi wanauza hiyo nusu kwa jina la kitu kizima, na mnunuzi anakuja kugundua siku anapeleka cheti chake mahali kinapotakiwa leseni.

Tuanze na hiyo nusu inayopatikana, maana hapa mafundi wengi ndo tunapwaya, tusidanganyane. Saidia fundi wa miaka mingi anaweza kukuvutia waya nyumba nzima na kazi ikapendeza, mkono wake umenyooka, ila muulize kwa nini soketi imeungua na breka haikukata. Atakwambia breka feki. Inawezekana ni feki kweli, feki zipo kibao, lakini mara nyingi breka ni nzima kabisa na haina kosa lolote. Iko hivi. Skrubu ya soketi haikukazwa vizuri, ule muunganiko ukawa na ukinzani kidogo tu, tuseme nusu omu. Mtu kachomeka hita inayovuta ampea 10. Joto linalozaliwa pale kwenye skrubu ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani 10 mara 10 mara nusu, unapata wati 50. Chuma cha kulehemu cha mafundi redio kiko humo humo, wati 40 mpaka 60. Sasa fikiria umekiwasha hicho chuma ukakifungia ndani ya kiboksi cha plastiki ukutani, kila siku, saa nzima nzima. Na breka inaona nini? Inaona ampea 10, au hata pungufu kidogo, na yenyewe imewekwa ya 16 au 20, itakataje? Breka kazi yake kuangalia mkondo uliozidi, harufu ya plastiki inayoungua haiihusu.

Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja. Ila asiyeijua atabadilisha breka, ataondoka, na soketi itaungua tena.

Au chukua lile tukio ambalo nyumba moja taa zinafifia mpaka huoni kusoma, na wakati huo huo nyumba ya pili TV imeungua na chaja zote zimekufa. Watu wanaanza kutafutana uchawi. Aliyesoma anajua pa kuanzia, anakwenda kuangalia kama nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imekatika huko nyuma kwenye laini ya fezi tatu. Kwenye mfumo wa volti 230, kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na nyutro ndo inayofanya kila nyumba ipate 230 zake. Nyutro ikiondoka, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinajikuta zimeungwa kwa kufuatana na zinagawana zile 400, na mgao wenyewe hauna haki, mwenye mzigo mdogo anapata volti nyingi na mwenye mzigo mkubwa anapata chache. Kwahiyo aliyewasha taa mbili na TV ndo anayeunguliwa, na mwenye hita na pasi ndo taa zake zinafifia. Jambo hili utalielewa vizuri zaidi kwenye video yenye mchoro unaosogea kuliko mimi nikikuchorea ubaoni, tena video unairudisha nyuma hata mara kumi na haikununii. Kwa hiyo wazee wangu mnaosema mtandao haufundishi umeme, hapo siko pamoja nanyi.

Na kusoma mwenyewe mwenyewe hakukuanza na intaneti. Michael Faraday, huyu aliyeonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea kwenye koili inazalisha umeme, na jenereta zote mnazozisikia zikinguruma zinafuata kanuni hiyo hiyo, hakukanyaga chuo kikuu kusoma. Alizaliwa 1791, baba yake mhunzi, akiwa na miaka 14 akapelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu huko London, na akawa anavisoma vitabu vya wateja, habari za umeme alizikuta kwenye ensaiklopidia iliyopita mikononi mwake. Sasa muone alichofanya na hayo maarifa. Alijitengenezea vifaa vidogo vya majaribio kwa hela zake kidogo, mwaka 1812 akaenda kusikiliza mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika kila kitu, akajalidi maandishi yake akampelekea Davy mwenyewe, na 1813 akaajiriwa pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, kama msaidizi wa maabara. Saidia fundi, kwa lugha yetu. Mtu ambaye nadharia alikuwa nayo kichwani tayari bado alienda kushika vifaa vya mtu mwingine huku anaangaliwa. Wanaopenda kumtaja Faraday kama mfano wa kujisomea huwa wanaishia kwenye vitabu, hii sehemu ya pili wanairuka, sijui kwa nini, labda kwa sababu haiuzi kozi.

Haya, hiyo nusu ya pili.

Nichukue jambo moja tu, kuhakikisha hakuna umeme kabla hujashika waya. Kwenye kwizi mtandaoni utaulizwa hatua ya kwanza ni ipi, unabonyeza jibu, unapata tiki ya kijani, unajisikia fundi. Twende sasa kwenye bodi yenyewe. Unatafuta breka ya hiyo sakiti na bodi haina maandishi hata moja, au ina maandishi ya fundi aliyepita aliyeandika jikoni na ukizima kinazimika chumba cha kulala. Umeipata, umezima, unafunga kufuli na kuning'iniza kibao cha onyo ili mtu wa nyumbani asije akawasha kwa sababu anataka kuchaji simu. Unachukua kipimo chako, unakijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, kinaonyesha. Ndo unakuja pale unapotaka kushika, unapima laivu, ule waya unaoleta umeme, na nyutro, alafu laivu na ethi, ule waya wa ardhini, alafu nyutro na ethi, zote tatu. Hamna kitu. Hapo bado hushiki. Unarudi tena kule penye umeme kuhakikisha kipimo chenyewe hakijafa njiani, maana betri ikiisha katikati, kipimo kilichokufa na waya usio na umeme vinatoa jibu moja. Kikionyesha, sasa shika. Na nikisema kipimo simaanishi ile testa ya bisibisi yenye kitaa, ile isipowaka haina maana umeme haupo, inawezekana kitaa kimekufa, inawezekana umesimama juu ya kitu kikavu kinachozuia, inawezekana jua ni kali na mwanga hukuuona.

Hiyo safari ya kurudi kupima ndo watu wanairuka. Wote wanaijua, kwizi wamepata mia kwa mia, ila siku jua linazama na mteja anauliza bado tu fundi, inarukwa. Na kinachofanya isirukwe ni fundi aliyesimama nyuma yako miezi na miezi anakuuliza umerudi kupima, umerudi kupima, mpaka unamchukia, mpaka mkono unarudi wenyewe bila kuulizwa. Sijaona programu inayofanya kazi hiyo. Programu haijui kama ulipima kweli au ulibonyeza.

Na msijipe moyo kwamba breka itawaokoa. Breka ya kawaida imewekwa kulinda waya usiungue. Balbu ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 inavuta kama miliampea 260. Kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, RCD, cha kumlinda binadamu, kinapangwa kukata kwa miliampea 30 na kisizidi milisekunde 300, kwa sababu juu ya hapo moyo unaweza kuacha kupiga ukaanza kutetemeka tu. Kwahiyo umeme wa balbu moja ni zaidi ya mara nane ya kiwango hicho, na breka ya ampea 16 haitajua hata kama upo pale. Alafu RCD yenyewe inaona umeme unaovuja kwenda ardhini, ukishika laivu mkono huu na nyutro mkono ule na huko chini umevaa viatu vikavu, yenyewe inakuhesabu kama mzigo wa kawaida, kama hita. Haikati.

Sasa kuhusu video za bure, nazipenda, naziangalia mpaka leo, ila ni lazima ujue zimetoka wapi. Chukua waya mweusi peke yake. Marekani mweusi ni laivu, mweupe ndo nyutro. Kwenye nyumba za mfumo wa zamani wa Uingereza, na nchi zilizoufuata, nyekundu ndo laivu na mweusi ni nyutro. Alafu rangi mpya ambazo Uingereza ilianza kuzitumia 2004 ili ilingane na Ulaya zinasema kahawia laivu, bluu nyutro, kijani na njano ethi, na ukienda kwenye fezi tatu za mfumo huo huo mweusi unarudi tena kuwa fezi. Waya mmoja, majibu matatu, na kijana kaangalia video ya Marekani ambako nyumbani wanatumia volti 120 kwa soketi za kawaida, anakuja kufungua nyumba ya zamani ya volti 230 anaona mweusi na mweusi anasema aah hii naijua. Kwenye nyumba moja iliyoongezwa vyumba unaweza kukuta rangi za zamani na mpya zinakutana ndani ya boksi moja. Rangi inakupa fununu, kipimo ndo kinakupa jibu.

Kwahiyo ukitafuta kozi usianze na bei. Anza kuuliza inafundisha kwa kanuni za nchi gani na toleo lipi. Kuna viwango vya kimataifa vya IEC 60364 ambavyo nchi nyingi zinavifuata kwa namna zao, Uingereza wana BS 7671, Marekani wana NEC inayorekebishwa kila miaka mitatu, ya kwanza ilitoka 1897. Kozi ambayo haitaji kanuni yoyote, inasema tu utajifunza umeme wa majumbani kwa wiki chache, hiyo ni burudani, angalia ukipenda ila usilipe. Swali la pili, na hili nataka mlikariri, mamlaka inayotoa leseni za mafundi pale utakapofanyia kazi inakitambua hiki cheti? Usimuulize muuza kozi. Waulize wenye leseni zao. Na la tatu ndo mada yangu yote ya leo, vitendo nitafanyia wapi na nani atanikagua. Wakikujibu kwamba utajirekodi video uwatumie, hiyo ni bora kuliko hakuna, lakini video haionyeshi skrubu iliyokazwa nusu, inabidi mtu auvute ule waya aone kama unachomoka.

Mtu atasema huyu mzee anatetea mambo ya kale. Hebu tuangalie wanaofanya kwa mpangilio. Marekani, uanagenzi uliosajiliwa unahesabiwa kwa saa, kwenye mpango wa kawaida mwaka mmoja ni saa 2,000 za kazini chini ya fundi, na masomo ya darasani yanayopendekezwa ni angalau saa 144 kwa mwaka. Hizo 144 sheria yao inakubali uzisome kwa njia ya elektroniki, hawana ubishi na mtandao. Uanagenzi wa umeme kwao kwa kawaida ni miaka minne au mitano, sasa zidisha mwenyewe uone mtandao umepewa kipande gani na kazi imepewa kipande gani. Uingereza nao, mwanafunzi hata amalize karatasi zote bado kuna mtihani wa vitendo unaitwa AM2, anaingia kwenye kibanda chake, anafunga mfumo, anaupima, anatafuta hitilafu zilizotegwa makusudi, na mtu yuko pale anamwangalia. Hao mtandao wa kasi wanao na bado wanamweka mtu wa kuangalia.

Wadogo zangu ambao hamna fundi wa kumfuata bado, msikae mnaangalia video tu kama tamthilia. Tafuta kipande cha mbao, kifunge ukutani, tafuta swichi na vishikio vya taa na waya wa kukata kata, na umeme wako uwe betri ya volti 12 yenye fyuzi ndogo, usichomeke kwenye soketi. Funga ile sakiti ya ngazi, swichi mbili taa moja, washa chini zima juu. Ukiichora kwenye daftari kabla hujaifunga utaona mantiki yake, laivu inaingia swichi ya kwanza, waya mbili zinasafiri kati ya swichi na swichi, na ya pili ndo inapeleka kwenye taa, taa inawaka swichi zote mbili zikiwa zimeegemea waya mmoja. Ukiikosea ni vizuri zaidi, taa inawaka swichi moja ikiwa upande fulani tu, kaa hapo utafute kwa nini, chukua multimita pima waya mmoja mmoja, usikimbilie kufumua. Kutafuta hitilafu kwenye kibao cha volti 12 na kutafuta kwenye nyumba kichwa kinafanya kazi ile ile, tofauti ni kwamba kwenye kibao huwezi kufa. Alafu jifunze kumenya waya bila kukwaruza shaba, menya, angalia, menya, angalia. Waya uliokatwa mkato kidogo wakati wa kumenya utakatika siku utakapoukunja ndani ya boksi, na itakuwa umeshapaka rangi ukuta.

Ukimaliza kibao chako, piga picha kwa karibu, beba hata kibao chenyewe, mpelekee fundi aliye karibu. Wengi watakufukuza. Mmoja atashindwa kujizuia atakwambia hapa umeacha shaba nje, hapa umekaza kwenye plastiki badala ya shaba, na ukienda kwake mara ya pili umerekebisha, mara ya tatu atakwambia kesho nina kazi njoo ushike ngazi.

Nanyi wazee wangu, nisiwasahau. Kijana akija na daftari lake la mtandaoni msimgeuze wa kuchimba kuta na kutumwa maji mwaka mzima. Kuchimba ukuta achimbe, sote tulichimba, lakini siku ya kupima mwiteni. Wengi wetu kipimo cha insulesheni, mega, tunakitoa kwenye begi pale mkaguzi anapokuja tu, na huyu kijana kasoma kwamba sakiti ya kawaida inapimwa kwa volti 500 za DC, umeme wa kwenda upande mmoja kama wa betri, ikiwa imezimwa na vyombo vimechomolewa, na jibu lisishuke chini ya megaomu 1. Atawauliza kwa nini hamjapima. Msikasirike, mpimeni naye. Wapo mafundi wazuri sana ambao hawajawahi kuandika majibu ya vipimo kwenye karatasi, na kazi isiyo na karatasi ikiungua unabaki na maneno matupu, mteja anasema wewe, wewe unasema sio mimi.

Tena kwa nyie mlio kazini tayari, mtandao unawafaa pengine kuliko hawa wanaoanza. Mikono mnayo, kinachobadilika ni vifaa na kanuni. Hawa wa sola mnawaona, fundi wa miaka mingi wa AC, huu umeme wa kawaida wa nyumbani unaogeuka geuka, anapanda kwenye paa anadhani akizima swichi amezima, kumbe paneli ikipigwa na jua inatoa umeme tu, swichi inazima huku chini na nyaya za juu bado zina volti za DC, zikiwa zimeungwa kwa kufuatana zinafika mamia. Na cheche ya DC ni mbishi, AC ya hezi 50 inapita sifuri mara 100 kwa sekunde ndo maana cheche yake inazimika kirahisi, DC haipiti sifuri, ukichomoa koneksheni ikiwa na mzigo ile cheche inanyooka na kuendelea kuchoma. Kitu kama hicho ukae jioni mbili tatu na kozi nzuri utakielewa kabisa, na kesho yake unaenda kazini na mwenzako aliyewahi kuifanya.

Dada zetu, mmeniuliza pale nje kama mtandao unawasaidia kukwepa maneno ya mafundi wanaume huko saiti. Kwa miezi ya nadharia, ndio, unawapa muda wa kujua vitu bila mtu kukaa anawacheka. Lakini saiti mtaenda tu, na nashauri mwende wawili wawili mkiweza. Ukifika ukajua kuhesabu upungufu wa volti kwenye waya wa mita 30 na wao hawajui, kelele zinapungua zenyewe. Hiyo hesabu twende nayo sasa hivi kabla ya maswali: waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ukinzani wake ni miliomu 7.41 kwa mita, mita 30 kwenda na 30 kurudi, mzigo ampea 20. Anayepata volti zinazopotea njiani anyooshe mkono, na simu ziwekwe chini.